Kaskazi ikishika, nani ataimwagia maji miche yako?

Mwanangu Khamis,

Asalaam alaykum. Sisi huku Konde wazima, alhamdulillah. Babako kifua kimetulia, ingawa usiku bado anakohoa.

Habari ya safari ya Maskati tumeipata kwa mkeo kabla hujatwambia wewe. Haya, riziki ni ya Mungu, sikuzuii. Lakini tangu niisikie nauliza hilo moja tu: ile miche minne ya mvule uliyoichukua kwangu, kaskazi ikishika na mvua zikakatika, nani ataimwagia maji? Kwenye simu ulinijibu, "Mama, nitaangalia." Utaangalia vipi nawe uko Maskati? Sauti ilinipanda, na najua mkeo alisikia.

Miche hiyo ina kazi yake, baba. Mvule wa bondeni ndio jike, huu wa karibu na msikiti ni dume, hauzai. Matunda yakiiva, popo huyala usiku, na asubuhi huyakuta mengine yameanguka, kijani na laini. Nikayaloweka, nikayafikicha ndani ya maji mpaka zikabaki mbegu, ndogo kama za mchicha. Siku ileile nikazimwaga kitaluni, maana mbegu ya mvule ikikaa sana haioti vizuri. Juu nikapitisha mboji kidogo tu, nikatandaza makuti kwa kivuli. Nyingi zilichomoza, chache zikapona. Nzuri kuliko zote nilikupa wewe.

Nilifurahi ulipoitaka. Ndugu zako wakija hufungasha ndizi na muhogo, wewe ukaomba mvule, na jirani zangu wote nimewasimulia. Tena hapo kwako Dole udongo una kina. Ingekuwa ni kule kwenye mawe Makunduchi, nisingekupa.

Ila picha uliyotuma nimeitazama vizuri. Mche wa upande wa ukuta una vinundu kwenye majani ya juu. Usiseme ni mvua. Huyo ni mdudu: huingia kwenye jani changa, likafura, likapasuka, likaoza, na ncha ikafa. Mche huenda usife, lakini hutoa vitawi vingi ukakosa kunyooka. Kata chini ya kinundu, ukichome moto, usikiache palepale. Nilikwambia uipande kati ya migomba ipate kivuli ikiwa midogo. Wewe ukaiweka peupe, mmoja umeubana na nyumba kabisa, na huo ni mti unaokuja kuipita minazi. Uhamishe sasa, vuli haijesha, ukate na donge lake la udongo.

Basi tafuta mtu. Shemeji yako yuko Kianga, si mbali. Usimwachie maneno ya mdomo, mpeleke, mwoneshe mche mmojammoja. Amwagie jioni, maji yazame. Chini atandaze majani makavu, yasigusane na shina. Mbuzi wa watu hapo Dole umewaona mwenyewe, kwa hiyo funga uzio kabla hujafunga sanduku. Masika yakiingia itajiweza zaidi, lakini kaskazi hii ndiyo ninayoiogopa.

Mivule ya msitu wa Ngezi ipo kwa sababu msitu unalindwa. Huku kwetu mashambani kila anayejenga anataka mlango wa mvule, na wa kupanda simwoni.

Karafuu za vuli tunaendelea kuanika. Mvua ilituwahi juzi, tukaziokoa, ila jamvi moja limeoza. Ukipata jamvi zuri hapo mjini, mpe mtu anayekuja na boti ya Mkoani, nitamtuma mdogo wako akalipokee. Dawa ya babako usinunue, ipo.

Mkeo akitaka kuja kukaa nasi wakati haupo, chumba chenu nimeshakifagia. Lakini akija huku, hapo Dole habaki mtu, na miche nani ataimwagia? Nijibu hili kabla hujapanda ndege, na unipe nambari ya huyo mtu, nitampigia mwenyewe kila Ijumaa.

Mamako