Filimbi iko kwenye droo ya cherehani

Mama Kulwa mwenzangu,

Mbukwenyi! Najua utaniitikia "mwangaluka" hata ukiisoma hii saa kumi jioni, ndivyo ulivyo. Sisi wazima. Upepo wa Julai umeanza, vumbi limeingia hadi kwenye kopo la chumvi, midomo imetupasuka wote, Baba Zawadi anakoroma kama kawaida yake, na sufuria lako kubwa bado liko kwangu, sijaliuza. Deni la kikoba nalikumbuka pia, usianze.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako anaishika Kulwa, na haya sitaki Kulwa ayasome. Tena nikikupigia nitalia, na wewe mtu akilia unasema mtandao mbaya unakata. Barua nampa yule utingo wa basi la Nzega, kijana wa Mama Tatu.

Ni habari za Yona. Hajafa, kaa chini. Wala hajakamatwa. Ila juzi alinikuta kibarazani nashona sare za shule, akaweka filimbi yake juu ya kitambaa, akasema, "Mama Zawadi, nitunzie." Nikamuuliza, na doria je? "Naenda." Bila filimbi? Kimya. Unamjua. Nimeitia kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini. Kila nikivuta droo inabingirika, inagonga mbao, na mimi moyo unaruka.

Tangu uondoke hajabadilika sana. Bado anakula mgongo ukutani, uso getini. Bado ukimuuliza umekula, anakuuliza nani kasema sijala. Miaka mitatu kwenye chumba cha uani na sijui kama ana mchumba, sijui kama mama yake kule Bahi anapokea hela anazotuma au zinaishia kwa wajomba. Kodi analipa tarehe moja, noti zimekunjwa mara nne. Baba Zawadi anasema mtu asiyeongea ana kitu anakificha. Nikamwambia, na wewe unayeongea usiku na mchana una nini?

Lakini usiku yule mtoto ni mtu mwingine. Wenzake wanamulika tochi kila kona kama wanatafuta sindano, yeye yake haiwashi. Anasema tochi inamwonyesha mwizi ulipo, halafu inakupofusha mwenyewe. Si unakumbuka alivyotuambia, amechunga ng'ombe tangu ana miaka saba, na ndama akipotea baba yake alikuwa hauliza, anamwonyesha tu nyayo na kumwambia usirudi bila huyo. Basi zile nyayo kazihamishia mjini. Anajua tairi la kila bodaboda ya mtaa huu. Mtu akipita gizani anamjua kwa mwendo, nani anaburuza mguu, nani amelewa kweli na nani anajifanya. Kuna asubuhi alinipa shikamoo vizuri kabisa, kisha akasema, "Viatu vya Zawadi vimeingia kwa mlango wa nyuma saa sita." Akaenda zake kulala. Zawadi hajamsemesha tangu Pasaka!

Sasa nirudi kwenye usiku ule wa mwezi wa tano. Kwenye simu nilikwambia walinzi walikamata mwizi, wakamfikisha kituoni, basi. Nilifupisha. Nilikwambia pia kwamba mimi nilitoka kuchungulia tu. Hapo nilidanganya, nitafika.

Filimbi ililia saa tisa, nyuma ya kwa mama wa maandazi. Tulitoka kila mtu na alichokikuta mlangoni. Mwizi alikuwa mwizi kweli, sikufichi, mtungi mdogo wa gesi ulikuwa ndani ya kiroba na mwenyewe aliutambua kwa ile rangi ya kucha aliyoupaka. Lakini alikuwa mtoto, Mama Kulwa. Ndevu hazijaota. Na mtu mmoja akaja na tairi. Nimejiuliza miezi miwili sasa, saa tisa usiku mtu anapata wapi tairi? Maana yake lilikuwa limekaa mahali linasubiri. Mwingine alikuwa na chupa ya maji ya kunywa ambayo ndani yake hakukuwa na maji.

Yona alikuwa ameshamfunga yule kijana mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Alipotuona tunavyokuja, hakusimama kutuzuia. Alijilaza juu yake. Halafu akaanza kutuita majina.

Yona! Aliyekuwa akimaliza wiki bila kusema maneno kumi. Sauti ya kawaida, kama mwalimu anaita mahudhurio. "Fundi Hamisi, hilo koleo la kazi. Baba Happy, weka jiwe chini. Wewe wa bajaji ya kijani, umekuja na kandambili za mkeo." Hapo mtu mmoja alicheka, nusu cheko, akajizuia. Akaendelea, mmoja baada ya mwingine, giza lile, hakuna aliyemmulika mwenzake, yeye anatutaja kwa miguu yetu na pumzi zetu. Mtu akitajwa, anarudi nyuma hatua moja. Mimi nikawa najiambia mimi hanioni, mimi niko nyuma ya Baba Happy. Kisha nikasikia, "Mama Zawadi, huo mchi ni wa kutwangia karanga."

Ndiyo. Nilikuwa na mchi. Wala sikuwa nyuma sana. Wiki ile walikuwa wamenianulia kitenge cha mteja kwenye kamba na nimekilipa mimi, vipande sita vya mshono nimeshona bure, na nilipotoka ndani sikuwaza kabisa yule ni nani wala kaiba nini. Nilichowaza ni kitenge. Nilikuwa nimeushika mchi kwa mikono miwili, hivi, kama wakati wa kukoboa.

Polisi walifika, wakamchukua akiwa mzima, ametokwa damu puani. Jiwe moja lilimpata Yona begani. Aliyelirusha hakutajwa usiku ule, na naamini Yona anamjua. Wakati mwingine namtazama anavyomwitikia Fundi Hamisi salamu, nafikiri… basi, tuache.

Baada ya hapo ikawa sifa. Mkutano wa mtaa, Yona shujaa, anyanyuke apigiwe makofi, hakunyanyuka. Afande wa kata alikuja akatusomea Katiba, ibara ya 13, pale inapokataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Akasema raia anaruhusiwa kukamata, lakini akishakamata amkabidhi polisi bila kuchelewa, si kumhukumu yeye. Yona akanyoosha mkono, watu wote wakageuka. Akauliza, "Na aliyepuliza filimbi?" Afande akasema kupuliza filimbi si kosa, ni wajibu, akaendelea na mengine. Mimi nilikuwa namtazama Yona. Jibu halikumwingia.

Sasa wanataka awe kamanda wa ulinzi wa mtaa. Mchango upande kutoka 2,000 hadi 3,000 kwa kaya, apewe kizibao cha kung'aa na simu ya ofisi. Mtu anayetembea bila tochi unampa kizibao cha kung'aa! Amekataa bila kusema sababu, wanadhani anataka hela zaidi.

Wiki iliyopita akarudi alfajiri amefunga kiganja kwa fulana. Amefukuza watatu peke yake hadi korongoni, mmoja alikuwa na bisibisi. Nikamwosha kwa maji ya chumvi, hakusema hata uwii. Wenzake wanamlaumu, walikuwa mtaa wa pili tu, kwa nini hakuwaita. Na mimi nikamgombeza nikiwa bado nimemshika mkono, kwamba filimbi haikuning'inizwa shingoni kama mkufu. Akatazama geti muda mrefu. Halafu akasema, na namnukuu kama alivyosema maana sijalala vizuri tangu siku hiyo:

"Yule wa mtungi nilimpiga rungu mara tatu, Mama Zawadi. Ya kwanza alikuwa anakimbia. Ya pili alikuwa ameshaanguka. Ya tatu alikuwa ameshasema basi, kaka."

Nikamuuliza, ndipo ukapuliza?

"Ndipo nikapuliza. Nilitaka waje wanitoe mimi juu yake. Mkaja ninyi."

Mama Kulwa, mimi nina miaka arobaini na tatu, nimezika wazazi wote wawili, lakini sikuwahi kuambiwa neno nikakosa mahali pa kuweka macho kama siku ile. Nilikuwa bado nimemshika kiganja. Akakichukua taratibu, akashukuru, akaenda kulala. Na juzi ndiyo akaleta filimbi.

Mwanzoni nilidhani anaogopa kuua. Siyo hivyo tu. Anasema ile ya tatu ilikuwa tamu. Hakutumia neno hilo, alisema "mkono haukuchoka", lakini nilimwelewa. Kwa hiyo peke yake anajiogopa, na akipuliza anatuogopa sisi. Na kuna hili jingine alilolisema akiwa ameshika kitasa: usiku ule alitujua wote. Ingekuwa leo, nusu yetu angewaita nani? Na ni kweli. Wewe uliondoka mapema, hujui mtaa ulivyo. Tangu Dodoma tuwe jiji 2018 na wizara zimehamia Mtumba, na sasa treni ya umeme, wapangaji wanaingia leo wanatoka kesho. Nyumba ya marehemu mzee wa mbuzi imekatwa vyumba kumi na viwili, mimi mwenyewe niliyepakana nayo sijui wanaoishi mle. Wastaarabu, wanasalimia, wana magari. Lakini filimbi ikilia watatoka nao, na Yona hana majina yao.

Hapo ndipo nikakukumbuka wewe na baba yako. Ulikuwa ukitusimulia pale uani wakati wa kuchambua mlenda, kwamba mzee aliingia sungusungu mwanzoni kabisa, miaka ile bunduki zimezagaa baada ya vita vya Kagera na wezi wa ng'ombe wanaingia bomani mchana, kabla hata serikali haijawapa sheria ile ya 1989. Tulikuwa tunacheka, upinde na mishale, mwano, lile yowe la hatari, ukipigwa kijiji kizima kinakimbilia huko. Ulisema pia kwao adhabu kubwa ilikuwa kumtenga mtu, asipewe moto wala maji, asisalimiwe, hadi aje alipe mwenyewe. Hilo nilimsimulia Yona. Akauliza, "Na wale ambao hawakuwatenga?" Sikuwa na jibu, kwa sababu kuna ile hadithi yako ya yule bibi wa macho mekundu, ambayo kila ukifika mahali fulani unainuka kwenda kuangalia ugali. Mimi niliona. Sikukuuliza kwa heshima ya mzee.

Sasa nakuuliza. Baba yako alikuwepo siku ile? Aliwahi kuliongea, au alikufa nalo? Alilalaje? Aliacha lindo akiwa na umri gani, na aliliacha mwenyewe au walimtoa? Kuna mzee yeyote kati ya wenzake aliye hai hapo Nzega, anayeweza kukaa na kijana bila kumhubiria? Maana kanisani nimejaribu, mchungaji alimwambia amesamehewa kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, na Yona akafunga mdomo papo hapo.

Na wewe unaweza kumpokea mwezi mmoja? Kaka yangu wa Hombolo anamtaka mwezi wa nane akalinde zabibu zinapovunwa, kuna ndege na nyani, hao angalau hawahitaji kuitwa majina. Lakini naogopa shambani peke yake atazidi kuwa bubu. Kwako angalau kuna kelele, Kulwa na Doto hawawezi kumwacha mtu akawaza. Nauli nitatoa mimi, tukate kwenye kikoba. Utamwandikia? Wewe alikuwa anakusikiliza, wewe ndiye uliyempa uji siku ya kwanza alipofika na kile kimfuko chake, na hajawahi kulisahau, ingawa bila shaka hajawahi kukushukuru.

Na filimbi nifanyeje? Niirudishe akiiomba? Asipoiomba, nimpelekee mwenyekiti? Kijana mwingine wanayemfikiria kwa ukamanda ni yule mtoto wa mwenye baa, unamkumbuka, aliyemfunga paka kopo mkiani. Huyo akipewa filimbi, nani atalala juu ya nani?

Naona geti linafunguliwa, ni yeye anatoka. Amevaa lile koti la Baba Zawadi nililompunguza mikono. Mfukoni hana kitu cha kupuliza. Nimemwambia chai ipo kwenye chupa, kaniuliza nani kasema ana kiu, lakini kaichukua.

Nijibu kwa utingo huyohuyo, anarudi Ijumaa. Kama una karanga mwaka huu nitumie kilo mbili tu, zilizokobolewa. Siku hizi napeleka mashine. Mchi nimempa Mama Happy.

Ni mimi mwenzako,
Mama Zawadi