Tiketi ya treni itaje saa ya kufungwa mlango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie saa ya kuondoka inayochapwa kwenye tiketi za treni za masafa marefu, kwa kuwa abiria wengi huielewa tofauti na wenye reli. Abiria akisoma saa 2:40 usiku, hudhani anaweza kuingia hadi dakika hiyo. Kwa dereva na gadi, hiyo ndiyo dakika ya magurudumu kuanza kuzunguka, milango ikiwa imekwisha kufungwa.

Mimi nililijua hilo mwaka jana, sanduku likiwa mkononi. Nilifika jukwaani zikiwa zimebaki dakika tano, nikajipongeza kwa kuwahi, kisha nikaambiwa kwamba behewa langu lilikuwa la kwanza kabisa, nyuma ya kichwa cha treni. Treni ya mabehewa 18, kila moja likiwa na urefu wa mita 25 hivi, inakaribia nusu kilomita, na mwenye mzigo haimalizi kwa dakika tano. (Ningeweza kupanda behewa lolote lililokuwa karibu na kupenya ndani kwa ndani, lakini nani hulijua hilo katika safari yake ya kwanza?) Nilipofika, kipenga kilikuwa kimekwisha kulia na mlango haukufunguka. Treni iliondoka taratibu mno, bila hata mshtuko, kiasi kwamba kwa hatua kadhaa nilitembea sambamba na dirisha la chumba changu, nikakiona kitanda kimetandikwa na taa inawaka.

Gadi simlaumu. Penye njia moja ya reli, dakika mbili ambazo angenisubiri zingelipwa pia na abiria wa treni iliyokuwa ikingoja kupishana na yetu huko mbele. Isitoshe, reli ndizo zilizotufundisha kuihesabu dakika: Great Western Railway ya Uingereza ilianza kutumia saa ya London katika stesheni zake mwaka 1840, na tarehe 18 Novemba 1883 kampuni za reli za Marekani na Kanada zikaachana na utitiri wa saa za kila mji.

Hata hivyo, maandishi ya tiketi si msahafu. Kwa miaka mingi tiketi za treni za Urusi zilichapwa kwa saa ya Moscow, hata kwa anayepanda Vladivostok, umbali wa kilomita 9,289 kwa reli, ambako saa za mji ziko mbele kwa saa 7. Mwaka 2018 utaratibu huo ukabadilishwa, zikaandikwa saa za mahali stesheni ilipo. Katika stesheni ya Grand Central, New York, treni huondoka dakika moja baada ya saa iliyotangazwa. Huo ni wema, ila siupendi, kwa sababu abiria akishaijua siri hiyo, huihesabu dakika hiyo kuwa yake.

Ninachopendekeza ni tiketi itaje saa mbili, ya kufungwa milango na ya treni kuondoka, kama wafanyavyo wenye ndege, na iseme behewa litasimama upande upi wa jukwaa. Nafasi ya kuyachapa hayo ipo. Tiketi yangu ya usiku ule bado ninayo, na upande wake wa nyuma ni mweupe mtupu.

Wako,
Msomaji na msafiri wa reli