Chikungunya ni neno la kwetu, wanafunzi hawajui

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Biolojia katika sekondari moja hapa Newala. Tulipofika kwenye magonjwa ya kuambukiza, niliwauliza Kidato cha Pili neno chikungunya, jina la ugonjwa unaoenezwa na mbu, limetoka lugha gani. Wakataja Kichina, Kijapani, hata Kireno. Darasa limejaa Wamakonde, na hakuna aliyelitambua neno la nyumbani kwao.

Limetokana na Kimakonde, lina maana ya kujikunja, kwa sababu viungo humuuma mgonjwa hadi akatembea ameinama. Mlipuko wa kwanza kuelezwa na madaktari ulitokea mwaka 1952, kwenye uwanda huu huu wa Makonde. Mwaka 2004 ugonjwa ukazuka Lamu na Mombasa, ukavuka hadi Komoro na kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi waliugua. Ukaingia India. Mwaka 2007 ukawapata watu Italia, na mwishoni mwa 2013 ukatua visiwa vya Karibiani. Nilichora safari hiyo ubaoni, na kwa mara ya kwanza mwaka huu kengele ililia na hakuna aliyeinuka.

Afya ya jamii tunaifundisha kwa kukariri: ugonjwa, kisababishi, dalili, kinga. Mtoto anapata alama zote, kisha anarudi nyumbani na kupita kando ya pipa lenye viluwiluwi vya mbu bila kugeuza shingo. Kwa hiyo wiki iliyofuata tukatoka, kila kundi na tochi na bakuli jeupe.

Nyumba ya kwanza tulikuta pipa la plastiki lisilo na mfuniko. Binti mmoja akachota. Viluwiluwi vilikuwa vinaning'inia vichwa chini, na bakuli lilipotikisika vikazama vikijipindapinda. Akasema kama daftari lake linavyosema: "Bibi, maji haya yamwagwe." Bibi akamtazama kwa upole. "Nimeyanunua kwa hela, mjukuu wangu. Nikimwaga, kesho utanipa wewe?"

Binti hakuwa na jibu, na mimi sikuwa nalo. Huku juu maji yamekuwa taabu tangu zamani, na watu huyaweka ndani kwa kuwa hawana uhakika na kesho. Hata uchunguzi uliofuata mlipuko wa 1952 ulibaini kwamba mbu aina ya Aedes aegypti alikuwa akizaliana katika vyombo vya maji vya majumbani. Wanafunzi walibishana njia nzima: tatizo ni mbu, au ni bomba lisilotoa maji? Siku ya pili walirudi kwa bibi na mpango wao. Maji yachujwe kwa kitambaa, kuta za pipa zisuguliwe maana mayai hunata pale na hustahimili ukavu kwa miezi, kisha mdomo ufunikwe na kufungwa kwa mpira. Bibi akaenda ndani akatoa kanga kuukuu mwenyewe.

Haya si mageni nchini. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Wazee wetu walijifunza afya wakiwa wanaitenda, na nasikitika sana kwamba wajukuu wao tunawafungia darasani.

Naiomba wizara na halmashauri zetu zizipe shule mchana mmoja kila mwezi wa kutoka na afisa afya wa kata, na kile wanafunzi wanachokihesabu kipokelewe zahanati kama taarifa ya kufanyiwa kazi. Penye kichocho waanzie mtoni, penye kipindupindu waanzie kisimani, halafu ramani ya dunia ifunguliwe.

Daftari la mapipa tuliyokagua liko ofisini kwangu. Afisa afya atakayelihitaji aje, wanafunzi watampeleka nyumba kwa nyumba.

Mwalimu wa sekondari,
Newala, Mtwara