Mheshimiwa Waziri, Tumalizieni Kamariny

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Michezo,

Salamu kutoka Iten. Mimi ni kocha wa vijana wa mbio za mita 800 na 1,500, na wengi wao hawajatimiza miaka 20. Nakuandikia hadharani kuhusu Uwanja wa Kamariny wa hapa Iten kwa sababu barua nilizopeleka kimyakimya, ofisi hii na ile, hazikujibiwa, na waliotumwa kutusikiliza waliandika kwenye daftari zao wakaondoka.

Septemba 2025 kule Tokyo, kwenye Mashindano ya Dunia ya riadha, Kenya ilimaliza ya pili nyuma ya Marekani. Medali 11, na dhahabu 7 kati yake, zote za mbio kuanzia mita 800 hadi marathoni. Viongozi walipongeza, na walifanya vyema. Lakini kwa heshima zote, Mheshimiwa, wanaotarajiwa kuleta medali zijazo wanakimbilia wapi leo asubuhi?

Uwanja wa Kamariny tuliukuta na njia ya udongo. Haikuwa nzuri, ila ilikuwa njia, na mabingwa wa dunia waliikanyaga. Ikaja ahadi ya tatani, ile njia ya kisasa ya kukimbilia yenye tabaka la mpira, na ya majukwaa, njia yetu ikachimbuliwa, kisha kazi ikasimama. Miaka ikapita. Kila msimu wa kampeni tunaambiwa utakamilika, na kila bajeti ikisomwa tunangoja. Tulinyang'anywa udongo na tatani hatukupewa.

Wakati huohuo Nairobi inajengwa Talanta, uwanja wa watu 60,000. Mpira siuchukii. Agosti 2025 niliwashangilia Harambee Stars kama Mkenya yeyote, na najua AFCON ya 2027 tumeiomba wenyewe pamoja na Tanzania na Uganda. Najua pia aibu ya 2017, tuliponyang'anywa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Uwanja wa mpira unahitajika. Swali langu ni hesabu yake, maana pesa hizo ni zetu sote.

Kwa ajili ya Talanta zilikopwa shilingi bilioni 44.79 kwa hatifungani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji, ya miaka 15 iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025, kwa riba ya takriban asilimia 15 kwa mwaka. Asilimia 15 ya fedha hizo ni karibu bilioni 6.7. Sasa tuseme Talanta umejaa pomoni na kila shabiki amelipa shilingi 500: hizo ni milioni 30 kwa mechi moja. Ili kufikisha bilioni 6.7, uwanja lazima ujae zaidi ya mara 220 katika mwaka mmoja, na hapo mlinzi hajalipwa, umeme haujalipwa, nyasi hazijamwagiwa maji. Gor Mahia na AFC Leopards hukutana mara ngapi kwa mwaka, Mheshimiwa?

Tutaambiwa kwamba biashara itanufaika. Kidogo, ndiyo. Lakini mkazi wa Nairobi akinunua tiketi Jumamosi, pesa ile haikuzaliwa siku ile. Angeitumia kwa nyama choma, au sinema, au kumnunulia mtoto viatu. Imehama tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine mjini humohumo. Wanauchumi wa Marekani wamechunguza viwanja vilivyojengwa kwa kodi kwa miongo mingi, na wengi wao wanakubaliana kwamba faida kwa mji haifikii gharama. Brazil walijenga kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, na mwaka uliofuata uwanja wa Brasília ukawa maegesho ya mabasi.

Iten ni tofauti, na hapa ndipo naomba usome polepole. Mgeni anayetoka Uingereza au Japani kuja kufanya mazoezi kwenye mwinuko wetu wa mita 2,400 huja na pesa ambazo hazikuwa Kenya. Hukaa wiki kadhaa. Hulipa chumba, hununua maziwa na mboga, hulipa kijana wa kukimbia naye, mama wa kufua nguo na mwenye bodaboda. Hakuna aliyehitaji kukopa mabilioni ili mgeni huyo aje. Anachouliza akifika ni tatani iko wapi. Tunamwelekeza kwenye ya mtu binafsi, ambayo hulipiwa. Yeye anaweza. Kijana wangu aliyekuja kutoka Marakwet na jozi moja ya viatu hawezi, na mara nyingi mimi pia siwezi kumlipia, kwa sababu karo ya wanangu hailipwi na medali za watu wengine.

Hatifungani ile italipwa kutoka kwa Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, inayopata fedha zake kwenye ushuru wa kamari. Nadhani ndiyo maana Kamariny inazidi kukwama, kwamba kila shilingi itakayoingia kwa miaka 15 ina mwenyewe tayari. Kama nimekosea, nionyesheni hesabu. Na huo Talanta wenyewe ni wa kandanda na raga. Hauna njia ya riadha. Nchi hii!

Juzi msichana mmoja wa kikundi changu alikuwa akifanya mazoezi ya kasi kando ya lami, kwa kuwa hana pengine, lori likamgonga bega. Mfupa umevunjika. Mama yake aliniuliza kwa nini nilimpeleka barabarani, nami sikuwa na jibu la kumpa. Nakuuliza wewe, Mheshimiwa, nimpeleke wapi?

Tuambieni mwanakandarasi amelipwa kiasi gani, kazi imebaki kiasi gani, na tarehe ya kumaliza ni ipi. Itieni sahihi tarehe hiyo, muibandike kwenye lango la Kamariny kila mtu aisome. Kama majukwaa ni ghali, acheni majukwaa. Kama paa ni ghali, acheni paa, watazamaji wetu wamezoea kusimama. Tunaomba njia ya mita 400 na uzio wa kuzuia ng'ombe. Tumalizieni Kamariny kabla ya mvua za Machi.

Wako mwaminifu,
Kocha wa vijana, Iten