Bei ya gari ijadiliwe nzima, si kwa marejesho ya mwezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie kuhusu namna watu wanavyopatana bei ya gari na wafanyabiashara wenye yadi. Ushauri unaotolewa mara nyingi juu ya jambo hili humtaka mnunuzi awe na ulimi mkali, asioneshe kwamba gari limempendeza, na ajifanye anaondoka ili aitwe arudi. Sina ugomvi na ushauri huo, ingawa muuzaji aliyekaa yadini miaka mingi ameuona mchezo wa kujifanya kuondoka mara nyingi kuliko mnunuzi yeyote atakavyopata kuucheza. Ninachosema ni kwamba mnunuzi anaweza kushinda mabishano yote hayo na bado akalipa zaidi, kwa sababu alikubali mapema kujibu swali moja linaloulizwa kwa upole mkubwa: "Kwa mwezi unaweza kulipa kiasi gani?"

Akishataja kiasi hicho, mazungumzo si ya bei ya gari tena. Muuzaji sasa ana mambo manne mkononi, yaani bei yenyewe, kiasi atakacholipa kwa gari la zamani ambalo mteja analitoa kama sehemu ya malipo, kianzio, yaani fedha inayotangulizwa mwanzoni, na muda wa mkopo. Anaweza kulegeza moja waziwazi huku akikaza jingine, na marejesho ya mwezi yakabaki palepale yalipotajwa. Mteja hutoka akiamini kwamba amepunguziwa, na kweli amepunguziwa, ila mahali pengine ameongezewa.

Hesabu yake si ngumu, na kwa kuwa uhasibu ndio kazi yangu, naomba niiweke hapa. Tuchukue mkopo wa 1,000 wa fedha yoyote ile, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki baada ya kila rejesho. Ukilipwa kwa miezi 36, marejesho ni takriban 33.20 kwa mwezi na riba yote hufika kama 196. Ukirefushwa hadi miezi 60, marejesho hushuka hadi takriban 22.25, lakini riba hupanda hadi kama 335. Sasa tuseme muuzaji amepandisha bei kwa asilimia 10, na mkopo umekuwa 1,100. Kwa miezi 60 mteja atalipa kama 24.50 kwa mwezi, kiasi ambacho bado kiko chini sana ya zile 33.20, kwa hiyo atashukuru kwa nafuu aliyopewa, wakati jumla ya fedha zitakazomtoka imepanda kutoka 1,196 hadi 1,468. Hakuna aliyemdanganya, maana alichouliza ni marejesho na marejesho yameshuka.

Kuna jambo jingine ambalo huwapita hata wasomi. Riba ya asilimia 12 inaweza kukokotolewa kila mwaka juu ya mkopo wote wa mwanzo, kana kwamba mkopaji hajarejesha chochote. Kwa njia hiyo, mkopo uleule wa 1,000 kwa miezi 36 huzaa riba ya 360 badala ya 196, ilhali asilimia inayotajwa mezani ni ileile. Mnunuzi anayeuliza tu "riba ni asilimia ngapi?" bila kuuliza inakokotolewa juu ya kiasi gani bado hajauliza chochote cha maana.

Kwa hiyo mpangilio wa mazungumzo una uzito kuliko ukali wa maneno. Kwanza ijadiliwe bei ya jumla, yaani fedha zote zinazotakiwa hadi mnunuzi akabidhiwe funguo na hati za umiliki, pamoja na usajili, ada za makaratasi na nyongeza zozote ambazo muuzaji ameziweka garini. Bei hiyo iandikwe. Baada ya hapo ndipo litajwe gari la zamani, nalo lithaminiwe peke yake, ikiwezekana mnunuzi akiwa ameshapata bei ya mnunuzi mwingine. Suala la mkopo lije mwisho, na mwenye busara huwa ameshapita benki au kwenye chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ili masharti ya mkopo wa yadini yawe na kitu cha kulinganishwa nacho. Mtu akiulizwa mapema kuhusu marejesho ya mwezi, jibu la heshima na linalotosha ni kwamba hayo mtayazungumza bei ikishakubaliwa.

Kuhusu kujua bei halisi kabla ya kwenda, kuna ushahidi ambao ningependa wasomaji waufahamu. Mwaka 1995, Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha utafiti uliofanywa kwa wauzaji wa magari mapya katika eneo la Chicago, Marekani, ambamo watu waliofundishwa kupatana bei kwa maneno na mbinu zilezile walitumwa kuulizia magari yaleyale. Wanaume weupe walitajiwa bei za chini kuliko wanawake na watu weusi. Mbinu ilikuwa moja, ila muuzaji alikuwa ameshakisia kila mmoja angeweza kukamuliwa kiasi gani. Mwaka 2003, Fiona Scott Morton na wenzake walionesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti iliyohusiana na asili ya mnunuzi ilitoweka kwa wale walionunua kwa kupitia intaneti. Nionavyo mimi, aliyeshika bei tatu zilizoandikwa kutoka kwa wauzaji watatu hahitaji kuwa hodari wa kusema.

Wafanyabiashara nao wana haki ya kupata faida, na sitaki barua hii isomwe kana kwamba nawaita wezi. Wengi wao hununua magari kwa mkopo, kwa hiyo gari lililokaa yadini muda mrefu huwagharimu riba kila siku linapoegeshwa. Hilo ndilo gari ambalo bei yake huteremka kwa urahisi, na ni halali kabisa kumuuliza muuzaji limefika lini. Kwa gari lililotumika, fundi asiye wa yadi hiyo alikague kabla ya neno lolote la bei, kwa sababu kasoro iliyoonekana hupunguza bei, na iliyofichika humwangukia mnunuzi.

Nimalizie kwa ombi linalolihusu gazeti lako, Ndugu Mhariri. Matangazo ya magari mara nyingi hutaja marejesho ya mwezi kwa herufi kubwa na kuyaacha mengine yote yaulizwe yadini. Marekani iliona tatizo la namna hii zamani, na sheria yake ya mwaka 1968 kuhusu uwazi wa mikopo inamtaka anayetangaza kiasi cha marejesho aoneshe pia kianzio, masharti ya kulipa na kiwango cha riba cha mwaka. Gazeti halihitaji kusubiri sheria ili lijiwekee utaratibu wake. Naomba tangazo lolote la gari linalotaja malipo ya mwezi lisichapishwe hadi lioneshe, kwa herufi za ukubwa uleule, idadi ya miezi, kianzio, namna riba inavyokokotolewa na jumla ya fedha ambazo mnunuzi atakuwa amelipa siku ya mwisho ya mkopo.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Msomaji wako, mhasibu