Salamu za Shukrani: Familia ya Marehemu Mama Yetu, Kibosho, Moshi

Tumsifu Yesu Kristo.

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na ndugu wa Mama yetu, tuliyempumzisha kihambani kwake Kibosho mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetupa Mama na akatupa muda wa kumuaga. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Jina la Bwana lihimidiwe.

Waliokuwa karibu nasi wanaijua safari ya figo. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, alfajiri, Mama alishushwa hospitali ya KCMC kusafishwa damu: masaa manne kwenye mashine, kisha kupanda tena mlima akiwa hoi, hataki hata kusemeshwa. Maji ya kunywa yakapimwa kwa kikombe. Lililomuuma kuliko yote ni ndizi. Daktari alieleza kwamba zina potasiamu nyingi, figo zake haziwezi tena kuitoa, na ikizidi mwilini inaweza kusimamisha moyo. Haya, mwambie mama wa Kibosho, mwenye migomba mpaka mlangoni, asile mtori wa ndizi! Alicheka, halafu akalia. Parachichi nalo likafuata. Miezi ile ya mwanzo tuliishi kama waliofiwa tayari: tunanong'ona, tunapokezana zamu, tunamtazama Mama usoni mpaka akatufukuza chumbani.

Aliyetufumbua macho ni Mama Mkubwa. Ndiye aliyegundua kwamba siku inayofuata mashine Mama huamka mwepesi, maneno yamemrudi. Akatuita watoto wote akatuambia, "Jumapili ndiyo siku yenu. Mnangoja Desemba ya nini?" Alitugusa penyewe. Wengi wetu tuko Dar na Arusha, na nyumbani tulikuwa tukipajua kwa Krismasi tu, siku chache za ndafu na kelele, kisha magari yanageuza. Tukaanza kuja Jumapili yoyote, kwa zamu, bila sherehe. Mama alienda misa, akirudi anakaa kibarazani na wajukuu wakimenya kahawa, anawasahihisha, anawasema wazazi wao. Mama Mkubwa alifundishwa hospitali namna ya kuzikata ndizi vipande vidogo, kuzichemsha kwa maji mengi, kuyamwaga na kuzipika upya, kisahani kidogo tu. Mama alilalamika kwamba zimekufa ladha. Kisahani kilirudi kitupu. Tumecheka na Mama kwenye Jumapili hizo kuliko Krismasi zote za nyuma, na tunamshukuru Mungu kwa hilo bila kuona haya, ingawa ugonjwa ndio uliotuleta.

Mama Mkubwa, hatuna cha kukulipa. Vivyo hivyo kijana wetu dereva wa Noah, aliyempeleka Mama hospitali: alikuwa getini kabla ya jogoo, mvua au ukungu, na siku tulizoishiwa hakuwahi kutudai. Na muuguzi aliyemwita Mama "bibi harusi" kila alipoingia: Mama alichagua kitenge kwa ajili yako.

Shukrani ziwafikie pia madaktari na wauguzi wote, Baba Paroko, katekista, kwaya, akina mama Wakatoliki wa WAWATA na jumuiya yetu ndogo ndogo, uongozi wa kijiji, wanakikoba wenzake, majirani mliopika na kulaza wageni, wafanyakazi wenzetu wa Dar, Arusha na Moshi mjini, wachangiaji wa kundi la familia, wakwe zetu wa Machame, Rombo na Upareni, na vijana mliochimba kaburi mvuani, kisha gari la maiti lilipokwama kwenye tope mkabeba jeneza mabegani hadi nyumbani.

Tumeandika haraka na kwa majonzi, na tunajua tumeacha wengi. Wapo waliotuma rambirambi kwa simu na hatukupata majina yao. Wapo waliolowa na kuondoka bila hata chai. Tunaomba radhi sana, mtuwie radhi kama watoto wenu. Ambaye hakutajwa hapa, Mungu amemwona.

Misa ya arobaini itatangazwa kanisani. Sufuria mbili kubwa, chano kimoja na miavuli kadhaa vimebaki kwetu. Wenyewe mvifuate siku yoyote, kahawa ipo.

Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.