Pentani ya mpwa wangu ilikuwa gesi

Mhariri,

Mpwa wangu anasoma diploma ya kemia katika chuo kimoja hapa mjini. Muhula huu walipewa kazi ya kukokotoa kwa kompyuta joto la mwako wa pentani, yaani joto inalotoa kemikali hiyo ya jamii ya petroli ikiungua. Akaleta kilojouli 3535 kwa moli (kipimo cha wanakemia cha wingi wa molekuli). Kitabu cha mwalimu kina 3509. Kijana akakoseshwa, na pembeni pakaandikwa kwa kalamu nyekundu: "Kompyuta inabahatisha."

Mimi nimezeekea kwenye maabara ya mafuta, Changamwe, na kazi yangu ilikuwa kupima joto la mwako. Unatia mafuta kidogo kwenye kikombe ndani ya chombo cha chuma, unashindilia oksijeni hadi atmosfia 30 hivi, unawasha kwa waya mwembamba, halafu unakodolea macho kipimajoto cha maji yaliyozunguka chombo. Kwanza lakini unachoma asidi ya benzoiki, ambayo joto lake linajulikana dunia nzima: kilojouli 26.4 kwa gramu. Ikikataa kutoa namba hiyo, siku hiyo huandiki kitu. Kwa hiyo kompyuta si ndugu yangu hata niitetee.

Ila zitazame hizo namba mbili. Zimepishana kwa 26. Na kilojouli 26 na ushei ndizo zinazotakiwa kugeuza moli moja ya pentani kuwa mvuke. Programu hizi hukokotoa elektroni za molekuli iliyo peke yake, haina mwenziwe wa kushikana naye, basi jibu lake ni la gesi. Kitabu kimeandika la kimiminika, kwa kuwa kwenye nyuzi 25 pentani bado haijachemka. (Inachemka kwenye 36. Mchana wa Februari hapa kwetu, fungua chupa yake uone inavyokupulizia usoni.) Kijana yuko sawa na kitabu kiko sawa.

Kama mwalimu haiamini mashine, achukue kalamu. Propani ikiungua hutoa 2219, butani 2877, zote zikiwa gesi. Ndizo hizo za mitungi tunayopikia. Imeongezeka kaboni moja na haidrojeni mbili, joto limepanda 658. Pentani ni butani iliyoongezewa hivyo hivyo tena, basi jumlisha 658 nyingine: 3535. Hesabu ya namna hii, ya kujumlisha vipande vya molekuli, Sidney Benson na mwenzake waliichapisha 1958. Na John Pople, aliyezijenga njia za kompyuta, alipewa Nobeli ya kemia 1998 pamoja na Walter Kohn. Kwa kubahatisha?

Sisemi kila jibu la kompyuta limezwe. Wenye fani hulenga wasikosee zaidi ya kilojouli 4 hivi, lakini njia za haraka za kwenye laptopu zinaweza kupotoka kwa makumi. Molekuli ikiwa ndefu na inajikunja, taabu huzidi, maana kila mkunjo una nishati yake. Mwalimu angemuuliza kijana ametumia njia gani, ningekuwa upande wake. Hakuuliza.

Ninachoomba kwa walimu wa vyuo ni neno moja tu kwenye karatasi ya swali: gesi, au kimiminika. Na mpwa wangu arudishiwe alama zake kabla matokeo ya muhula hayajabandikwa.

Mstaafu wa maabara,
Mikindani, Mombasa